Buti Linalia Kila Besi Ikipiga: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Sabufa (spika ya besi) ya inchi 12 ndani ya boksi zuri inasukuma hewa nyingi, na buti la gari ni chumba kidogo cha bati jembamba. Hewa hiyo inausukuma mfuniko, sakafu, rafu ya nyuma na namba ya gari, kisha inavivuta tena, mara 30 hadi 80 kwa sekunde. Ndiyo maana Premio au Legacy iliyokuwa kimya kutoka Kampala mpaka Jinja inaanza kulia kama debe la kokoto mara tu besi inapopanda.

Kelele hizi ni za aina mbili, na dawa zake hazifanani. Aina ya kwanza ni vitu viwili kugongana: plastiki na bati, nati na namba, jeki na sakafu. Hapo unakaza, au unaweka kitu laini katikati. Aina ya pili ni bati lenyewe kuvuma kama ngozi ya ngoma. Hapo unaliongezea uzito unaonata ili limeze mtetemo. Kosa linalowagharimu watu pesa nyingi ni kununua karatasi za butili (raba nzito inayonata, ya kubandika kwenye bati) kwanza na kutafuta chanzo baadaye. Buti zima linabandikwa, na kesho yake kelele iko palepale, kwa sababu ilikuwa ni nati moja ya namba ya gari. Karatasi ya butili haikazi nati.

Kuitafuta kelele ilipo

Ondoa kila kitu ndani ya buti: pembetatu za tahadhari, kizimamoto, chupa za maji, spana, miavuli, viatu. Chukua na jeki na tairi la spea ukaviweke chini. Cheza tena wimbo ule uliofanya buti lilie. Ukisikia kimya, umeshapata jibu bila kununua kitu. Rudisha kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane. Mara nyingi ni jeki iliyolegea kwenye kishikio chake, au parafujo ya katikati ya tairi la spea ambayo haijakazwa tangu pancha ya mwisho.

Kelele ikibaki, pakua kwenye simu programu yoyote inayotoa toni. Anza na Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde), panda Hz 1 kila baada ya sekunde 2 hadi ufike Hz 100. Sauti iwe ya wastani. Toni moja inayoendelea huipasha moto koili ya spika kuliko muziki, kwa hiyo ipumzishe kila baada ya dakika moja. Kama injini itawaka ili betri isiishe, gari likae mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa.

Mtu mmoja acheze toni, mwingine azunguke gari akibonyeza kwa kiganja: namba, mfuniko, taa, bampa, kioo cha nyuma. Mahali ambapo ukibonyeza kelele inakatika, hapo ndipo penyewe. Andika: Hz 36 namba, Hz 44 rafu, Hz 52 mfuniko. Karatasi hiyo itakusaidia baadaye kujua kama kazi imefanikiwa. Usimfungie mtu ndani ya buti ili asikilize. Weka simu ya pili ikirekodi video na tochi yake ikiwaka, kisha uitazame.

Tegemea kwamba ukiondoa kelele kubwa, ndogo itasikika. Haikuja leo, ilikuwa imefunikwa na ile kubwa.

Mlio mkavu wa "trrr" nyuma, unaosikika zaidi ukiwa nje

Kisababishi cha kwanza ni namba ya gari, na hakuna cha pili kinachoikaribia. Ni kipande cha bati chepesi kilichoshikwa na bolti mbili, na chini yake hakuna kitu kinachokigusa. Kila besi inapopiga, ukingo wa chini unagonga mfuniko au bampa. Bonyeza namba kwa vidole viwili wakati toni inalia. Mlio ukikatika, chukua sponji nyembamba yenye gundi upande mmoja, ile isiyonyonya maji, unene wa milimita 3 hadi 5. Kata vipande vya sentimita 3 kwa 3, bandika vinne nyuma ya kona za namba na kimoja katikati. Sponji ibanwe kidogo tu. Ikibanwa sana, namba itapinda.

Kama gari lina namba mpya ya kidijitali, usiifungue wala kuitoboa. Penyeza ukanda wa sponji nyuma ya ukingo wa chini bila kugusa bolti. Kama bolti zenyewe ndizo zimelegea, rudi ulikofungiwa namba. Usifunike herufi wala tarakimu.

Ikiwa namba haina kosa, angalia fremu ya plastiki inayoizunguka, kisha vioo vidogo vya taa za namba. Kioo cha taa kikilegea, zungushia tepu ya kitambaa kwenye ukingo wake na ukirudishe. Kisha nembo ya gari: gundi yake hukauka upande mmoja, na kidole kinatosha kuigundua. Mwisho ni spoila. Shika ncha zake mbili uzitikise. Kama inacheza, nati zake ziko ndani ya mfuniko, nyuma ya kapeti. Spoila za kubandika zilizoongezwa baadaye zikianza kuachia, zitolewe na kubandikwa upya. Kuongeza gundi juu juu hakudumu, na spoila inayong'oka kwenye barabara ya kasi ya Northern Bypass ni hatari kwa aliye nyuma yako.

Mfuniko unagonga "tak-tak" besi inaposhuka chini sana

Hapa mfuniko mzima unainuka na kushuka. Shinikizo la hewa linausukuma, loki ina nafasi, na chuma kinagonga chuma.

Kwanza jaribu karatasi. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uweke juu ya raba ya buti, funga mfuniko, kisha uvute. Karatasi inapaswa kutoka kwa ubishi. Ikitoka yenyewe, mfuniko hauigandamizi raba mahali hapo. Rudia kila sentimita 20 kuzunguka buti lote, ukiweka alama kwa chaki pale inapotoka kirahisi.

Kama karatasi inalegea kwenye kona tu, tafuta raba mbili za mviringo kwenye pembe za mfuniko. Katika magari mengi ya Kijapani raba hizi zimechongwa kama parafujo. Zizungushe kwa mkono nusu mzunguko kila upande ili zitokeze nje, funga, jaribu tena. Usizidishe, maana zikitoka sana utalazimika kubamiza mfuniko ili ufunge, na loki itachakaa.

Kama karatasi inalegea karibu na loki, rekebisha kile chuma chenye umbo la U ambacho loki inakishika. Kabla ya kukigusa, chora mstari kukizunguka kwa kalamu ya wino mzito, ili ukipotea urudi ulipoanzia. Legeza bolti mbili, kwa kawaida kwa spana namba 10 au 12, bila kuzitoa. Kisukume chini milimita 1 tu, kaza, funga mfuniko. Ukiona bado, milimita 1 nyingine. Mwisho zungushia chuma hicho tepu ya kitambaa mara moja, mahali loki inapokishika. Tepu itaisha baada ya miezi kadhaa, lakini kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili.

Halafu tazama fito mbili za springi zinazopishana nyuma ya viti na kuuinua mfuniko. Pale zinapopishana zinagusana, na zikigusana zinalia. Zivalishe kipande cha bomba la raba lililopasuliwa kwa urefu, au uzifunike kwa tepu ya kitambaa. Hapo simama. Fito hizi zimesokotwa kwa nguvu kubwa. Ikichomoka moja inaweza kuvunja vidole au kupasua uso. Kuzitoa au kuzihamisha tundu ni kazi ya fundi mwenye chombo chake.

Raba ya buti iliyopasuka au kulala ibadilishwe. Kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, utapata iliyotumika ikiwa nzima; ichague ikiwa bado inarudi ukiibana, na uende na picha ya ile ya zamani pamoja na urefu wake. Hili si suala la kelele peke yake. Raba mbovu inaruhusu moshi wa ekzosi kuingia ndani, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo, haina harufu. Mkiwa safarini kichwa kikianza kuuma wote kwa pamoja, fungua madirisha, simama, tafuta fundi.

Mvumo mzito, kama mtu anapiga debe tupu

Gonga bati kwa kifundo cha kidole. Likijibu "tuung" na kuendelea kuvuma, hilo ndilo la kubandikwa. Likijibu "tup" kavu, liache. Zunguka mfuniko, sakafu, kuta za pembeni na mashimo ya matairi, ukiweka alama ya chaki kwenye kila "tuung".

Nunua karatasi za butili zenye alumini juu, unene wa milimita 2 au zaidi. Sukuma pembeni kabisa karatasi za lami zinazouzwa kwa kuziba mapaa. Ni za bei ndogo na zinafanana nazo, ila zikianikwa kwenye jua la Kampala ndani ya bati jeusi, lami inalainika, inateleza, inanuka, na siku moja inadondoka juu ya amplifaya. Ukitaka kuzitofautisha, nusa: butili haina harufu kali ya barabara mpya.

Vumbi jekundu la marram (barabara za udongo na changarawe) ndilo adui wa kazi hii. Linaingia kila mahali, na gundi hushika vumbi badala ya kushika bati. Fagia, futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, acha pakauke, kisha futa kwa spiriti mara mbili kwa kitambaa safi. Kitambaa cha pili kikitoka na wekundu, bado. Usivute sigara wala kuwasha kitu hapo mpaka spiriti ikauke, na milango yote iwe wazi.

Kata vipande vya sentimita 20 kwa 30. Bandika katikati ya kila bati linalovuma, si pembeni, kwa sababu katikati ndipo linapocheza zaidi. Huhitaji kufunika lote. Robo ya eneo, likibandikwa vizuri, inaondoa sehemu kubwa ya mvumo. Kila kipande cha ziada kinasaidia kidogo kuliko kilichotangulia. Bonyeza kwa rola ndogo ngumu mpaka michoro ya alumini ilale kabisa. Kipande kilichobandikwa kwa kiganja tu kina mapovu ya hewa chini, na pale penye povu hakifanyi kazi. Gonga tena. Ukisikia "tup", nenda kwenye bati linalofuata.

Kuna mambo matatu ya kuchunga. Usizibe matundu ya kutolea maji kwenye mfuniko na kwenye sakafu. Mvua za Machi hadi Mei zitajaza maji humo na bati litaoza kutoka ndani. Usiubebeshe mfuniko mzigo: butili ya milimita 2 ina uzito wa takriban kilo 3 kwa mita moja ya mraba, na mfuniko ukianza kushuka wenyewe, siku moja utamwangukia mtu kichwani. Na usijaze ndani ya mfuniko povu la kopo linaloumuka. Linapinda bati, linanasa maji, na likifika kwenye loki hufungui tena.

Ndani ya mfuniko kuna tabaka mbili za bati, zilizotenganishwa na madonge ya gundi laini ya kiwandani. Kwenye gari la zaidi ya miaka 15 madonge hayo hukauka na kuachia, ndipo tabaka hizo zinapopigana. Ingiza tochi kwenye tundu uangalie. Dawa yake ni gundi ya poliurethani ya vioo vya magari, inayobaki laini ikikauka: donge la ukubwa wa kidole gumba kila palipoachia, kisha uache saa 24 bila kuwasha muziki.

Kelele iko nyuma ya viti, karibu na kichwa cha abiria

Rafu ya nyuma ya gari la saluni (lenye buti lililotengwa na viti) ina vitu vingi kuliko inavyoonekana: bati lenye matundu, plastiki au ubao wa kapeti juu yake, spika, taa ya breki ya juu, na katika magari mengi roli za mikanda ya usalama. Anza na taa ya breki, ishike, sikiliza. Kisha vifuniko vya spika. Kisha bonyeza rafu kwa viganja vyote viwili. Ikinyamaza, itoe, weka sponji isiyonyonya maji yenye unene wa milimita 5 kati yake na bati, na vipande viwili vya butili kwenye bati lenyewe.

Klipu za plastiki ndizo zitakazokusumbua. Za magari haya zimeshakauka, na nusu yake zitavunjika unapozitoa. Tumia kijiko bapa kilichovikwa kitambaa, ukiingize karibu na klipu yenyewe na si katikati ya plastiki. Nenda dukani na klipu moja nzima mkononi. Kipenyo kikipungua hata milimita 1, itacheza na kelele itarudi.

Kufuli la kiti kinachokunjwa nalo hulia. Zungushia tepu ya kitambaa chuma chake, kisha hakikisha kiti bado kinajifunga kwa mlio kamili. Ukanda wa usalama ukilia, weka sponji kuzunguka kava yake tu. Roli yenyewe haifunguliwi, na mito ya hewa kwenye nguzo za pembeni haiguswi wala kufunikwa.

Noah, Fielder, Raum na wenzake

Magari haya hayana buti lililofungwa. Yana mlango wa nyuma. Plastiki pana ya ndani ya mlango ndiyo mkosaji wa kawaida. Itoe, badilisha klipu zilizokufa, zungushia tepu ya kitambaa kila waya unaogusa plastiki, bandika butili kwenye bati la nje kupitia matundu. Raba za kando ya mlango zinarekebishwa kama zile za saluni. Mota ya waipa ya nyuma nayo ikaguliwe nati zake.

Mkwaruzo unaotoka kwenye boksi lenyewe

Kabla ya kulaumu gari, toa boksi nje uliweke chini, ulicheze hukohuko. Likilia na huko, buti halina hatia.

Kaza parafujo zote za spika kwa mpangilio wa kupishana, kama unavyokaza nati za tairi. Kisha tafuta hewa inayovuja: pitisha ukanda wa karatasi laini ya chooni kwenye viungo vya mbao na kwenye soketi ya nyaya huku Hz 30 ikilia. Ukipepea, hewa inatoka hapo. Ziba kwa ndani kwa silikoni na uache saa 24. Boksi la mbao nyembamba huvuma lenyewe. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 pamoja na gango la ndani ndiyo kipimo kinachofaa kwa inchi 12.

Kisha zima kila kitu, weka vidole vya mikono miwili kuzunguka koni kwa usawa, uisukume polepole. Ikiteleza kimya, ni nzima. Ukisikia mkwaruzo kama wa msasa, koili imegusa sumaku na hakuna sponji itakayosaidia; spika iende kwa fundi wa spika.

Mara nyingi tatizo ni mipangilio ya amplifaya. Chujio linalopitisha toni za chini tu liwe karibu na Hz 80, nyongeza ya besi iwe sifuri. Boksi lenye tundu liwekewe chujio la kuzuia mawimbi ya chini kabisa, chini kidogo ya toni ambayo boksi limetengenezewa. Pasipo hilo, koni inacheza bila breki na kugonga mwisho wake. Gaini, kile kitufe cha kulinganisha amplifaya na redio, si kitufe cha sauti. Ipunguze mpaka redio ikiwa robo tatu besi itoke safi.

Boksi lifungwe kwa mikanda kwenye vishikio vya kiwandani, likae juu ya kapeti nene. Usitoboe sakafu kwenda chini kulitafutia parafujo: mabomba ya breki na ya mafuta yanapita hapo, na kwenye magari mengi tangi liko chini ya kiti cha nyuma. Amplifaya nayo isifungwe juu ya boksi, kwani mtetemo hupasua lehemu zake polepole.

Simamisha kazi na umwite fundi umeme wa magari ukiona waya uliopata moto, harufu ya plastiki inayoungua, fyuzi inayokatika mara kwa mara, au waya mkuu usio na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kwenye gari la haibridi, nyaya za rangi ya chungwa na betri kubwa nyuma ya viti si za kuguswa kabisa.

"Zzz" chini ya gari

Ni kinga ya joto ya ekzosi, bati jembamba ambalo bolti zake zimeliwa na kutu. Subiri ekzosi ipoe, ipige kwa kiganja. Ikilia, ifungwe kwa klempu ya chuma kisichoshika kutu. Gari lisiinuliwe kwa jeki peke yake. Weka stendi kabla ya mtu kuingia chini. Kama "zzz" inasikika pia gari likiwa limesimama na redio imezimwa, sabufa haihusiki. Vivyo hivyo mlio mzito wa kugonga kwenye mashimo ya barabara: huo ni wa shokomzoba au bushi, lipeleke gari kwa fundi wa sehemu za chini.

Kelele iliyokwisha imerudi

Rudi kwenye karatasi yako ya toni. Ikilia kwenye Hz ileile, dawa imechoka: sponji imelala, tepu imekatika, au mtikisiko wa marram umelegeza nati. Nati zinazolegea mara kwa mara ziwekewe nati za nailoni badala ya kukazwa zaidi. Ikilia kwenye Hz tofauti, ni chanzo kingine, na unaanza upya na kiganja chako kwenye namba ya gari.